Wamemkata mjane kabla hajasema: santuri ya karindula iliyotolewa bila ruhusa

Yaya_wa_Katuba

Kuna santuri ya karindula inauzwa Ulaya tangu mwaka jana. Haikutolewa na kampuni, imetolewa na wapenzi wa muziki: nakala 300, jaketi la karatasi nzito, mbele picha ya ule mlima wa mabaki ya shaba na bomba refu la kampuni ya migodi ya Gécamines. Nyuma wameandika kwamba kaseti ilipatikana sokoni Lubumbashi, wanamuziki hawajulikani, na mwenye haki ajitokeze. Maneno hayo yameandikwa kwa Kiingereza. Bei yake ukiongeza posta inapita kodi ya nyumba ya mwezi kwa familia nyingi za hapa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi. Mtu wa kwetu anayeishi Brussels ameinunua, akanitumia sauti kwa WhatsApp.

Nimeisikiliza yote. Hao wasiojulikana wanajitaja wenyewe. Kabla ya ubeti wa kwanza kiongozi anasema jina lake, jina la kundi, anasema wametoka avenyu gani, anamwita anayepiga karindula kubwa, anamwita anayegonga chupa, kisha anawasalimia waliotoa pesa kilioni siku hiyo, mmoja mmoja na majina ya baba zao. Mtu yeyote anayesikia Kiswahili angejaza nyuma ya jaketi lote kwa kusikiliza mara moja. Waliotoa santuri hawakumtafuta mtu huyo. Lubumbashi ina watu zaidi ya milioni, Brussels kuna Wakongo mtaa mzima wa Matonge, na hawakumpata hata mmoja wa kumuuliza: hapa wanasema nini?

Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Wale msiojua karindula: ni kama banjo kubwa mno, pipa la mafuta limewambwa ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, na ndogo zake pembeni. Ndugu zetu wa Zambia wana kalindula yao, jina ni la ukoo mmoja ingawa muziki umeshika njia nyingine. Kwetu inapigwa barabarani, kwenye baa, kwenye kilio, na wimbo si wa dakika nne. Ni hadithi. Inaweza kwenda nusu saa na zaidi, mwimbaji anasimulia, anachekesha, anarudi nyuma, anaingiza mtu mpya. Santuri upande mmoja inabeba dakika ishirini na kitu, ukizidisha, sauti inakonda. Kwa hiyo wamekata.

Wimbo wa upande wa kwanza unasimulia habari za mwanamume aliyefariki, na ndugu zake wanafika nyumbani kuchukua vitu. Wanachukua redio. Wanachukua cherehani. Wanabishana juu ya kitanda. Hapo sauti inashushwa polepole, kama vile wimbo umekwisha wenyewe. Haujakwisha! Sehemu inayofuata ndiyo watu walikuwa wanaingojea, pale mjane anaposimama kujibu. Mama zetu walikuwa wanaijua kwa moyo. Kwenye santuri ile mjane hasemi neno, na aliyekata hakujua kuna mjane.

Sijaja kuwatukana wanaonakili. Muziki huu umeishi kwa kunakiliwa. Nataka tuzungumze namna ya kufanya, kwa sababu santuri nyingine zitakuja.

Fundi_Kaseti_Kenya

Mwanangu, asante kuleta hii maneno. Miye nilikuwaka nauzisha kaseti mu soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, tangu wakati ya Mobutu mpaka CD zilifika. Batu banasemaka sisi tulikuwa bezi, ni kusema wezi. Hapana. Chef ya groupe alikuwa anakuya yeye mwenyewe na kaseti yake, anasema: papa, tia hii mu mashini, utoe makumi mbili. Tunapatana bei. Kisha posho moja, ni kusema wiki, anarudia, anaangalia ngapi zimeuzwa, namupatia yake. Hakukuwa karatasi, lakini kulikuwa mapatano, na kama ukimudanganya, mwezi unaokuya anakutaja mu wimbo, mutaa yote inakucheka. Hiyo ilikuwa tribunali yetu.

Majina tulikuwa tunaandika na bic juu ya karatasi ya kaseti. Wino inakufa. Jua ya mu soko inaimaliza mu miezi kidogo. Njo maana batu banapata kaseti nyeupe, banafikiri haina mwenyewe.

Bukavu_Kadutu

Naheshimu uchungu wako yaya, mkubwa wetu, ila mimi naona tunawalaumu watu waliofanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Hapa Bukavu kaseti ngapi zimeoza kwa unyevu? Vumbi, panya, vita, watu kukimbia na kuacha nyumba. Yule Mzungu alitoa pesa yake, akasafisha sauti, akachapisha. Mkisubiri mpaka mpate familia, mkutane, mkubaliane, muandike mkataba, kaseti itakuwa imekufa. Kwangu bora nusu ya wimbo iliyo hai.

Mpenzi_wa_Santuri_Dar

Nawasalimu kutoka Dar. Naomba niongeze la upande wetu, maana tuna deni kwenu. Mpiga gita Ndala Kasheba alitoka kwenu Lubumbashi. Maquis walianzia kwenu Katanga kabla ya kuwa bendi ya Dar. Baba Gaston alipita hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaenda Nairobi, na vijana wa bendi yake walipomwacha 1976 wakawa Les Mangelepa. Bendi ya Super Mazembe nayo ilitoka kwenu ikaishia Nairobi. Sasa tazama santuri za zamani zinazotolewa upya na mashabiki: ukibahatika utaona jina la bendi na neno Nairobi, basi. Anayezinunua leo anaamini ni muziki uliozaliwa Kenya. Nguashi Ntimbo aliimba "Shauri Yako" kabla ya Mazembe kuipeleka mbali zaidi, na ukiuliza vijana wa hapa wimbo ni wa nani, kumi kwa kumi watakujibu Mazembe.

Hata hivyo kaka, mimi mwenyewe nusu ya nyimbo hizi nimezijua kupitia watu walioziweka mtandaoni bila ruhusa ya mtu. Siwezi kuwaita wezi. Nauliza tu, sheria yenu Kongo inasemaje?

Dada_Kamalondo

Kaka wa Dar, sheria ipo tangu zamani. Ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, juu ya haki za mtunzi na haki jirani, yaani za waimbaji, wapigaji na wanaorekodi. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Chukua Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wetu wa Katanga: alifariki kwa ajali ya gari 1990. Nyimbo alizotunga ni za warithi wake mpaka 2040. Watu wanaona kaseti ya zamani, rangi imefifia, wanafikiri imeshakuwa mali ya wote. Uzee wa kaseti hauhesabiki, kinachohesabiwa ni kifo cha mtunzi, na mtunzi anayezungumziwa na yaya labda bado anakula fufu yake Katuba.

Kukusanya pesa ndiyo shida nyingine. Shirika la kukusanyia watunzi pesa, tulikuwa na SONECA tangu 1969, ikaja SOCODA 2011. Wapiga karindula wengi hawakuwahi kujiandikisha kokote, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wimbo wa kilioni nao ni mali. Kutoandikishwa hakumwondolei mtu haki yake. Haki inazaliwa pamoja na wimbo. Na iko haki ambayo haiuzwi kabisa, ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyetunga na kazi yako isiharibiwe. Hapo wamekosa mara mbili: hawakutaja, na wamekata.

Ndugu wa Bukavu, angalia pia wimbo unasema nini. Sheria ya familia ya 1987 inamlinda mjane na watoto wasifukuzwe nyumbani. Ilikuwa mpya wakati kaseti za namna hiyo zinauzwa, na watu wa mitaani waliijua kwa nyimbo kuliko kwa karatasi za serikali. Anayeniambia nusu ya wimbo inatosha, amebaki na nusu ya wale ndugu wanaobeba cherehani.

Bukavu_Kadutu

Dada, hapo umenishika. Sikujua wimbo unaendelea vipi.

Likasi_Gita

Mimi napiga gita, nafundisha vijana huku Likasi, kwa hiyo nitasema ya sauti yenyewe.

Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi Mwenda hapa kwetu 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, na "Masanga" ikauzwa kwenye santuri za Gallotone. Ni kidole gumba na cha shahada tu, lakini ukisikiliza unahesabu magita mawili. Sasa vijana wangu wanajifunza kutoka mtandaoni, na nakala za mashabiki ziko za kila namna: moja imepanda nusu sauti, nyingine imeshuka, nyingine imechezwa na sindano ya santuri ndefu. Santuri ile ya kale ya mizunguko 78 ina mfereji mpana, inataka sindano ya maikroni 76 hivi. Ile ya kawaida ni kama robo ya hapo, inaanguka chini ya mfereji na kukwaruza vumbi, halafu aliyenakili anasema santuri imechakaa. Kijana anakaza nyuzi mpaka zinakatika, au anafunga kifaa shingoni mwa gita, akidhani Mwenda alifanya hivyo. Tumeanza kuwa na mtindo wa Katanga uliotengenezwa na kosa la mashini!

Kwa kaseti ni mbaya zaidi. Kama kundi lilirekodiwa barabarani na redio ya betri, betri zikichoka utepe unapita polepole. Ukiicheza baadaye kwenye mashini nzima, muziki unakwenda mbio na sauti zinapanda kidogo kidogo kuelekea mwisho. Nimesikia watu wa ng'ambo wakisifu karindula kwamba "inachemka kuelekea mwisho". Kundi linachemka kweli, lakini sehemu nyingine ni betri.

Iko njia ya kujua. Kama mashini iliyorekodi ilichomekwa ukutani, umeme wetu unaacha mvumo ndani ya utepe, na mvumo huo ni hezi 50. Ukipima kwa programu ukakuta 53, basi kaseti inakwenda asilimia sita mbio, ambayo ni nusu sauti nzima. Unaishusha mpaka mvumo urudi 50. Mtu wa mbali hutumia programu ya kusafisha, kazi yake ya kwanza ni kufuta mvumo. Anafuta rula kabla ya kupima.

Fundi_Kaseti_Kenya

Ni kweli ile unasema. Na iko ingine: deki ya milango mbili ilikuwa na buton ya kunakili mbio. Siku ya soko, batu bengi, unafinya ile buton, unamaliza haraka, lakini sauti ya juu inapotea, chupa haisikike tena muzuri. Kaseti ya chef yenyewe ilikuwa safi. Ile banapata leo mu soko ni mutoto ya mutoto yake.

Yaya_wa_Katuba

Papa Fundi, Likasi, dada, mmenisaidia kuona vizuri zaidi nilichotaka kusema.

Ndugu wa Bukavu ana haki kwenye jambo moja: kaseti zinakufa na haraka inahitajika. Ila tumechanganya kazi mbili. Kunakili kaseti isife, hiyo fanya leo, usimngoje mtu. Iweke kwenye faili kubwa, isiyobanwa, uweke nakala nyumba mbili tofauti. Hakuna mzee wa Katuba atakayekukasirikia kwa kuokoa sauti yake. Kuchapisha 300 na kuuza ni kazi nyingine, na hiyo inaweza kungoja mwaka mzima bila kaseti kudhurika, kwa sababu umeshaiokoa. Wale watu walikuwa na muda. Walikuwa na muda wa kuchagua uzito wa karatasi ya jaketi.

Na msiniambie haiwezekani. Yule Mmarekani wa Awesome Tapes From Africa alianza 2006 kwa kuweka kaseti mtandaoni tu, bila kumuuliza mtu. Alipoanza kutoa santuri 2011 alibadilisha: anamtafuta msanii kwanza, na faida wanagawana nusu kwa nusu. Alianza kama shabiki, akakua. Rekodi za Tracey za Katanga zimetolewa upya Uholanzi na Michael Baird kwa kushirikiana na maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini, na ukifungua kijitabu unakuta nani, wapi, mwaka gani. Karindula yenyewe ilishatolewa 2011 na Crammed Discs ya Brussels, wakaongeza filamu, mtu akaona sura za watu na pipa linavyopigwa. Kwa hiyo njia inajulikana, imepitwa na watu, na mji ni uleule wa Brussels.

Ninachoomba kwa shabiki yeyote, wa Ulaya au wa hapa soko la Kenya na flashi zake, ni kidogo sana kuliko sheria aliyotaja dada. Mtafute mtu wa lugha, akae na kaseti mwanzo mpaka mwisho, aandike kila jina lililotajwa. Usikate bila kujua unakata nini, na kama santuri haitoshi, toa mbili, au toa faili nzima pamoja na santuri. Andika kaseti umeitoa wapi na umeichezaje. Nakala nzima irudi Lubumbashi, kwa familia, na nyingine pale Muzeu, nyumba yetu ya makumbusho, bure. Pesa itengwe tangu nakala ya kwanza, isingoje mpaka mtu alalamike. Mzee wa Katuba hasomi nyuma ya jaketi linalouzwa Berlin. Kumwambia ajitokeze ni kumficha.

Mpenzi_wa_Santuri_Dar

Kaka, umewapata wenyewe? Wale wa kwenye wimbo?

Yaya_wa_Katuba

Nimempata mmoja. Kwa kufuata jina la avenyu tu, niliuliza kwenye duka la kona. Anayegonga chupa yupo, anatengeneza viti. Kiongozi alishafariki, ameacha mke na watoto wakubwa. Nilipomchezea yule mama, alisikiliza akiwa amesimama. Ilipofika pale inaposhushwa akaniambia: "Hapana, endelea." Nikamwambia wamekata. Akaimba sehemu ya mjane yote, hapo hapo, na mjukuu wake akimsindikiza na kijiko kwenye sahani. Kwa ruhusa yake nimerekodi kwa simu. Siiweki hapa, ameomba ibaki nyumbani mpaka watoto wakutane.

Kuhusu wale wa Ulaya hakusema neno baya. Aliuliza kama nakala zimebaki.

Dada_Kamalondo

Yaya, watoto wakikutana waandike karatasi moja tu, waichague sauti moja ya familia. Bila hiyo, hata mtu mwaminifu akitaka kulipa hatajua amlipe nani, na ndugu watagombana, ndiyo wimbo wenyewe umerudi. Mimi nitawasaidia kuiandika kwa Kifaransa na Kiswahili, sitaki kitu. Halafu waandikiwe barua wale waliotoa santuri, ya heshima, bila vitisho. Wataje jina, waweke karatasi ya ziada kwenye nakala zilizobaki, waiweke mtandaoni kwa walioshanunua, na wahesabu pamoja.

Fundi_Kaseti_Kenya

Mwanangu, ile avenyu unasema, ile groupe, miye naijua. Nimeangalia mu karto yangu ya chini ya kitanda. Kaseti ya chef iko. Dakika 90. Mukono yake ameandika juu, wino inaonekana kidogo. Sijaicheza, naogopa mashini yangu itaikula.

Likasi_Gita

Papa, tafadhali usiicheze! Angalia kwanza kile kisponji kidogo kinachobana utepe mbele, mara nyingi kimeng'oka. Ukiona unga mweupe kwenye utepe ni ukungu, usiizungushe hata kwa kalamu. Kama ganda lina skrubu tunaweza kuhamishia utepe kwenye ganda jipya. Nina deki iliyosafishwa kichwa, nina kibao cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Nashuka Lubumbashi Jumamosi.

Bukavu_Kadutu

Mkimaliza na hiyo, naleta karto ya mjomba wangu. Nyingi ni za Uvira na Bukavu, hazina majina juu. Nitaanza kusikiliza usiku huu, niandike wanaotajwa.

Yaya_wa_Katuba

Papa Fundi, nakuja kwako na yule mama pamoja na mtoto wake mkubwa, Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Kaseti ni ya baba yao, wao ndio waseme ichezwe au hapana. Likasi, leta waya za ziada, na betri kubwa kama unayo, umeme mtaani kwake haukai.

Ndugu mlioko Ulaya, aliye na nakala ya santuri ile aitazame kwenye mwanga, karibu na lebo, pale mfereji unapoishia. Kuna namba na herufi zimechongwa. Tuandikieni hapa kama zilivyo, pande zote mbili. Kwa hizo tutajua kiwanda kilichochapa, na kiwanda kinajua nani aliagiza na nakala ngapi.